Vidole Havilingani

Msomaji mpendwa, methali isemayo kwamba vidole vya mkono havilingani umepata kuisikia mara nyingi, na yamkini umepata kuitumia. Mzazi huitamka amtulizapo mtoto aliyeona viatu vipya miguuni pa mwenzake. Tajiri huitamka aulizwapo sababu ya utajiri wake. Na maskini naye huitamka jioni, akaapo kitako kuhesabu alichochuma mchana kutwa, akajiliwaza nayo kama mtu ajifunikaye shuka fupi wakati wa baridi. Ni methali ya kweli. Utazame mkono wako: kidole gumba kimekaa peke yake, cha kati kimevipita vyote kwa urefu, na cha mwisho ni kidogo. Lakini neno la kweli laweza kuchukuliwa kutoka mahali pake likapelekwa mahali pengine, na huko likafanya kazi ya uwongo. Hilo ndilo nitakalo tulichunguze pamoja, nawe usikubali neno langu lolote kabla ya kulipima.

Ili tusiseme hewani, na tusimame mahali panapojulikana. Ngoliba iko mashariki ya mji wa Thika, upande wa barabara kuu iendayo Garissa, katika kaunti ya Kiambu. Mtu atokaye Thika huviacha viwanda nyuma yake, akapita kati ya mashamba ya mananasi yaliyopandwa kwa mistari iliyonyoka hata macho huchoka kuyafuata. Kisha kidogo kidogo nchi hubadilika. Udongo huwa mkavu, miti hupungua kimo, na mahindi ya wakulima wadogo husimama yakingoja wingu. Upande wa kulia huinuka mlima uitwao kwa Kiswahili Kilimambogo, yaani mlima wa nyati, na kwa Kimasai Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Kimo chake chapita mita 2,100 juu ya bahari, na chini yake hupita mto Athi. Wakikuyu na Wakamba huishi hapo kwa ujirani, pamoja na watu wa makabila mengine walioletwa na kazi za mashamba makubwa.

Katika nchi hiyo moja, chini ya jua moja, shamba moja hunyweshwa kwa mitambo na jingine hungoja mvua. Mazao ya hili husafiri makoponi mpaka Ulaya. Mazao ya lile, mwaka ukiwa mbaya, hayatoshi hata chungu cha nyumbani. Mtoto mmoja hupelekwa shule kwa gari, na mwingine hutembea kwa miguu baada ya kuteka maji alfajiri. Mpita njia akiyaona hayo hutikisa kichwa na kusema: vidole havilingani. Je, amesema kweli?

Hapana mtu mwenye akili atakaye watu wote wawe na kimo kimoja, sauti moja, au mapenzi ya hesabu yaliyo sawa. Mmoja huzaliwa mwepesi wa mbio. Mwingine akiimba, kanisa zima hunyamaza. Mmoja ni mchapakazi, na ndugu yake, tumbo moja, hupenda kivuli. Tofauti hizi hazimwonei mtu, na dunia isiyo nazo ingechosha kuishi ndani yake. Lakini zipo tofauti nyingine zivaazo nguo za hizi. Ukitaka kuzitenga, uliza swali moja tu: kama sheria ingalikuwa nyingine, au bei ingalikuwa nyingine, au lango lingalifunguliwa badala ya kufungwa, je, tofauti hii ingalibaki? Kimo kingalibaki. Sauti ingalibaki. Tofauti isiyobaki haikuwa ya vidole. Iliwekwa na mkono wa mtu, na kilichowekwa na mkono wa mtu chaweza kuondolewa na mkono wa mtu.

Basi na tuiulize nchi hii inayouzunguka mlima. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya ardhi iliyowaruhusu walowezi kukodishwa mashamba kwa miaka 999. Fanya hesabu mwenyewe: mkataba ulioandikwa mwaka ule ungekwisha mwaka 2914. Mwaka 1921 mahakama ikaamua kwamba wenyeji waliolima na kuchunga tangu mababu walikuwa wapangaji wa Mfalme wa Uingereza, wawezao kuondolewa apendapo. Tena ilikuwapo kodi ya nyumba, iliyotakiwa kwa fedha taslimu, na wengi hawakuwa na njia ya kupata fedha hizo ila kwenda kumfanyia mlowezi kazi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza kikaja kipande, karatasi iliyowekwa katika kikebe na kuning'inizwa shingoni, ili mfanyakazi aliyeacha kazi bila ruhusa ajulikane na kukamatwa.

Tena kulikuwa na kahawa. Udongo wa Thika na Kiambu ulikuwa uleule upande huu na upande ule wa mpaka wa shamba la mlowezi, na mvua haikuuliza rangi ya aliyepanda. Walakini Mwafrika wa hapo hakuruhusiwa kupanda mbuni. Katika miaka ya 1930 ruhusa ndogo ilitolewa kwa majaribio huko Kisii, Meru na Embu. Lango halikufunguliwa kwa upana mpaka baada ya mpango wa kilimo wa mwaka 1954, uliotungwa na afisa aitwaye Swynnerton. Kwa miaka mingi, basi, mtu aliyechuma kahawa ya mwenzake tangu alfajiri hadi jioni, akijua namna ya kuipogoa na namna ya kuianika, aliambiwa kwamba hana ujuzi wa kuipanda. Ukimtazama mtu huyo na umaskini wake, je, utasema kidole chake kilikuwa kifupi? Kilikuwa kimekunjwa na kushikwa.

Sasa nitakuonyesha jambo gumu zaidi, kwa kuwa mabaya yaliyo wazi ni rahisi kuyahukumu. Katika mteremko wa Kilimambogo liko kaburi la William Northrup McMillan. Alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa St. Louis, aliyekuja Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 na kumiliki maelfu ya ekari huko Juja na miguuni pa mlima huu. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake. McMillan alifariki mwaka 1925. Alitaka azikwe kileleni. Husimuliwa kwamba mlima ulikuwa mkali na jeneza zito, na waliolichukua wakashindwa kufika, akazikwa njiani. Mkewe, Lucie, alifariki mwaka 1957 akazikwa kando yake.

Bibi huyo alitaka jina la mumewe likumbukwe kwa jambo jema, akajenga maktaba jijini Nairobi. Ilifunguliwa mwaka 1931, jengo zuri la mawe, lenye nguzo mbele na simba wawili wa mawe mlangoni, nalo lingaliko hata leo. Hapana shaka ilikuwa zawadi kubwa. Mwenye mali nyingi angeweza kununua farasi au kujenga jumba jingine. Yeye alinunua vitabu. Tumpe sifa yake. Walakini mlango wa maktaba hiyo ulikuwa wa Wazungu peke yao. Mwafrika hakuingia kusoma mpaka mwaka 1962, baraza la jiji lilipoichukua na kuifungulia watu wote. Ulikuwa muda wa miaka 31. Mtoto aliyezaliwa kijijini chini ya Kilimambogo siku maktaba ilipofunguliwa alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake kabla ya kupata haki ya kugusa kitabu kimoja kilichomo.

Watu wengi hudhani kwamba dawa ya tofauti baina ya mwenye nacho na asiye nacho ni ukarimu. Mimi siudharau ukarimu. Mwenye njaa hapaswi kungoja sheria ibadilishwe ndipo ale, na mkono utoao ni bora kuliko mkono ufumbao. Lakini zawadi humwacha mtoaji pale pale alipokuwa, na mpokeaji pale pale. Zaidi ya hayo, mtoaji ndiye aamuaye nani apewe, lini, na kwa masharti gani; na asipotaka, hapana wa kumwuliza. Jambo lililofanyika mwaka 1962 halikuwa zawadi. Hakikuongezwa kitabu hata kimoja siku ile. Kilichobadilika ni kanuni ya mlangoni, na kwa kanuni hiyo mtoto wa mchuma kahawa akawa na haki ya kiti kile kile alichokalia mtoto wa mwenye shamba. Hakutakiwa kushukuru, bali kunyamaza tu kama wasomaji wengine. Katika jambo hilo naona tofauti kubwa baina ya kumhurumia mtu na kumtendea haki.

Huenda ukaniambia kwamba hayo yote ni habari ya wakoloni, nao wameondoka tangu 1963. Ni kweli wameondoka. Hata ile mikataba ya miaka 999, Katiba ya 2010 iliipunguza kwa wasio raia ikawa miaka 99. Lakini kiti kikikaliwa na mtu mwingine, urefu wa kiti haubadiliki. Ardhi ya walowezi haikugawiwa bure; sehemu kubwa ilinunuliwa, na katika mipango ya makazi iliyoanza mwaka 1962 wakulima walipewa mashamba kwa mkopo, wakaulipa miaka mingi. Wengine walichanga fedha katika makampuni na vyama vya kununua mashamba. Mwenye akiba au cheo alinunua hisa nyingi. Mwenye kidogo alipata kipande kidogo. Asiye na kitu, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa amelilima shamba lile maisha yake yote, alibaki kuwa mfanyakazi wa mwenye shamba mpya. J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alionya kwamba Kenya isiwe nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Aliuawa mwezi wa Machi 1975.

Nawe usidhani waliopanga mambo ya nchi baada ya uhuru walikuwa wote watu wa hila. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Bunge Namba 10, uliozungumza juu ya ujamaa wa Kiafrika. Ndani yake mlikuwa na shauri hili: fedha za maendeleo zitiwe kwanza mahali zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme, ili faida itakayopatikana huko isaidie baadaye sehemu kavu. Lisome shauri hilo kwa haki. Mkulima mwenye debe moja la mbegu hazimwagi juu ya mwamba. Lakini jiulize: penye barabara palipataje barabara? Palipata kwa sababu mlowezi alikaa hapo, na reli ilifika Thika mwaka 1913 kwa ajili yake. Kwa hiyo shauri lililoonekana kuwa la hesabu tupu lilichukua upendeleo wa jana likaufanya sababu ya upendeleo wa leo. Na ile baadaye ya kusaidia sehemu kavu ilichelewa sana. Ilipofika Katiba ya 2010 watu waliona haja ya kuandika ndani yake hazina maalumu, sehemu ya nusu kwa mia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Hazina hiyo ni ndogo, lakini imo katika sheria, haikungoja moyo wa mtu.

Sasa rudi nami mtoni, maana mto hufundisha jambo hili kuliko kitabu. Katika milima ya Murang'a maji ya mto Thika hukusanywa katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, na kutoka huko hupelekwa Nairobi kwa mabomba. Kwa miaka mingi bwawa hilo limeupa mji mkuu sehemu kubwa ya maji yake. Ni maji baridi, safi, yatokayo msituni. Mji huyanywa, huyaoga, hufulia nguo, huendeshea viwanda. Kisha maji hayo yaenda wapi? Mengine husafishwa kabla ya kuachwa. Mengine hayasafishwi, hutiririka mitaroni pamoja na taka za viwanda na za mitaa isiyo na vyoo vya kutosha, yakaingia katika mto Nairobi. Mto Nairobi huingia katika Athi. Na Athi, mpenzi msomaji, hupita chini ya Kilimambogo na kuanguka katika maporomoko mazuri ya Fourteen Falls, yakiwa na povu na chupa za plastiki.

Tazama mpango huo ulivyo. Maji safi hushuka kwa bomba mpaka mjini, na maji machafu hushuka kwa mto mpaka kwa watu wa Ngoliba na majirani zao wa Machakos, ambao nao wana ng'ombe wa kunywesha na mboga za kumwagilia. Kisha mto huendelea, hubadilishiwa jina ukaitwa Galana, na mwisho Sabaki, mpaka uingie bahari ya Hindi kaskazini ya Malindi, na kila akaaye njiani hupokea alichoachiwa na wa juu yake. Viongozi wa Murang'a wamepata kudai sehemu ya fedha zitokanazo na maji yao, na watu wakawasikiliza, kwa sababu mwenye bomba aweza kutishia kulifunga. Lakini mtu wa chini ya mto atafunga nini? Hana bomba. Anachopelekewa hakukiagiza, na hawezi kukirudisha. Mimi naona huu ndio ubaya mkubwa kuliko wote katika tofauti za watu. Mwenye fedha kidogo ana taabu, lakini taabu yake huzidi akiwa hana neno la kusema ambalo mwenye nguvu analazimika kulisikia. Yule wa juu si lazima awe katili. Huenda ni mtu mwema aendaye kanisani, na kwa kweli hajui maji yake ya kuogea yalikokwenda. Anayeishi juu ya mto si rahisi kuujua uchafu wake.

Hapa nakusikia ukinipinga, na ni vizuri. Wasema: watu wakilinganishwa, mvivu atakula jasho la mwenye bidii, na mwenye bidii ataacha bidii. Pingamizi hili si la kutupwa. Jirani zetu wa Tanzania walijaribu kulinganisha mambo kwa ujasiri ambao sisi hatukuwa nao. Azimio la Arusha la Februari 1967 liliwakataza viongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kujenga nyumba za kupangisha. Hilo lilikuwa kanuni kwa wakubwa, nalo naliheshimu. Baadaye, kati ya 1973 na 1976, mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijijini, wengi wao kwa nguvu, na wengine waliacha mashamba mazuri kwa amri ya mtu asiyejua udongo wao. Chakula kikapungua. Lakini katika miaka hiyo hiyo watu wazima wengi walijifunza kusoma na kuandika, na mwaka 1977 elimu ya msingi ikatangazwa kuwa ya watoto wote. Wako watu wanaoyataja makosa peke yake, na wako wanaotaja mema peke yake. Wote wawili hunichosha. Nionavyo mimi, nchi hiyo ilikosea pale ilipomtendea mkulima kama mtu asiye na neno, na ilipatia pale ilipomfungulia mtoto mlango. Kosa lenyewe basi ni lile la mtu wa chini ya mto, ingawa lilitendwa kwa jina la usawa.

Ama kuhusu bidii, sijamwona bado mwanafunzi aliyeacha kusoma kwa sababu mwenzake naye amepata kitabu.

Kama ilivyo kati ya watu, ndivyo ilivyo kati ya nchi. Mkonge uliojaza mashamba makubwa ya Tanga, na kwa miaka mingi ya Thika pia, si mmea wa kwetu asili. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Marekani kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Iliyofika hai na kupandwa ilikuwa 62 tu, na kwa hiyo tukapata zao lililolisha bandari na reli. Ilipofika miaka ya 1960 viwanda vya nchi tajiri vilianza kutengeneza kamba kwa nyuzi za plastiki, bei ya mkonge ikaanguka, na mkata mkonge hakuwa amefanya kosa lolote. Aliamka saa zile zile, akakata idadi ile ile. Mwalimu Julius Nyerere alikuwa na njia nyepesi ya kulieleza jambo hilo: aliuliza ni tani ngapi za mkonge zinunuazo trekta moja, na akaonyesha kwamba kila miaka ilivyopita tani ziliongezeka na trekta lilikuwa lile lile.

Na ukitaka mfano ulio karibu nawe zaidi, kumbuka ugonjwa wa korona. Mwezi wa Oktoba 2020 India na Afrika Kusini ziliomba katika Shirika la Biashara Duniani kwamba haki za pekee za kutengeneza chanjo na dawa za ugonjwa huo zisimamishwe kwa muda, ili kila nchi yenye uwezo itengeneze. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoliunga mkono ombi hilo. Nchi kadhaa tajiri zilikataa, zikaahidi badala yake kutoa chanjo za msaada. Kweli zilitoa. Lakini mwaka 2021 ulipokuwa ukiisha watu wa nchi hizo walikuwa wakidungwa sindano ya tatu, na Waafrika walio wengi walikuwa hawajapata hata ya kwanza. Makubaliano yalipofikiwa, mwezi wa Juni 2022, yalikuwa madogo kuliko ombi, na wakati wake ulikuwa umepita. Unaona, msomaji, ni maktaba ile ile. Zawadi ilikuwapo, nayo ilikuwa kubwa. Kilichokataliwa kilikuwa ufunguo.

Yote hayo yaweza kuonekana kuwa mambo ya wakubwa, ya mabunge na mashirika, wala si ya mwanafunzi wa sekondari. Basi nitakupa moja lililo la kimo chako. Tuseme wewe umewekwa katika kamati ya kugawa fedha za basari katika kata kama Ngoliba. Zimebaki fedha za mtu mmoja, na mbele yako pana barua mbili. Ya kwanza ni ya mwanafunzi aliyepata alama za juu sana. Baba yake ana mshahara, ingawa hautoshi kila kitu, na nyumbani kwao mna taa na meza. Ya pili ni ya msichana mwenye alama za kati. Mama yake hufanya kibarua shambani msimu ukiwapo, na yeye huteka maji kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi. Mwenyekiti asema: tumpe wa kwanza, fedha zetu zitazaa zaidi. Shauri hilo umekwisha kulisikia. Ndilo lile la waraka wa 1965, limevaa sare ya shule.

Mimi ningempa wa pili, na nitakueleza kwa nini. Sababu yangu siyo machozi ya mama yake. Alama zilizo katika karatasi yake hazikupima akili peke yake. Zilipima pia uzito wa ndoo, urefu wa njia, na saa ambazo taa haikuwaka. Alama za mwenzake nazo zilipima meza. Ukizilinganisha kana kwamba wote wawili walianzia mstari mmoja, hujahukumu kwa haki, hata kama umetumia hesabu sahihi. Walakini nakiri kwamba uamuzi wangu una gharama. Yule mvulana hakumdhulumu mtu, alisoma kwa bidii, na huenda akapoteza muhula mmoja. Lawama yake nitaibeba, wala sitamwambia kwamba vidole havilingani.

Kabla ya kutia sahihi, mjumbe mmoja atainua mkono na kuuliza: je, huyu msichana akishindwa mtihani baada ya kula fedha za umma? Ni swali la halali, nalo lijibiwe. Lakini mwulize naye, kwa upole na heshima ya mtu mzima, kama amepata kuliuliza swali hilo juu ya mtoto apelekwaye shule kwa gari, ambaye akishindwa mwaka huu hulipiwa arudie mwaka ujao.